Maswali ya Wasomaji: Maua ya Udongo Wenye Tindikali

Barua zilizotufikia msimu huu karibu zote zinahusu jambo moja. Wasomaji wa milimani wanalalamika kwamba maua waliyoyanunua kwa bei kubwa yamedumaa, na wasomaji wa pwani wanalalamika kwamba maua yaliyowapendeza milimani yanageuka njano yakifika kwao. Chanzo cha malalamiko yote mawili ni udongo. Nimechagua barua tano, na ya kwanza nitaijibu kwa urefu kwa sababu majibu ya nyingine yanaitegemea.

*Ndugu Mwalimu wa Bustani, salamu. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Soni, wilayani Lushoto. Mwaka juzi nilipanda miche kumi na minne ya waridi mbele ya nyumba, nikaitilia samadi ya ng'ombe na kuimwagilia kila jioni wakati wa kiangazi, lakini imedumaa, majani yamekosa nguvu na maua ni madogo. Jirani yangu hajui hata jina la ua lake, aliliotesha kwa kuchomeka kijiti tu ardhini, na sasa lina vichwa vya bluu vikubwa kama sahani. Nimeambiwa kwamba udongo wetu una tindikali. Je, niifanyeje miwaridi yangu, na ni maua gani mengine yatakayonifaa? Mke wangu naye analitaka ua la jirani, ila la rangi ya waridi.*

Shikamoo, mwalimu. Jirani yako amekwisha kukupimia udongo bila yeye mwenyewe kujua. Ua lake, kwa jinsi ulivyolieleza, ni hidranjia, na hidranjia ni miongoni mwa mimea michache inayotangaza hali ya udongo kwa rangi ya maua yake: udongo ukiwa na tindikali ya kutosha maua huwa ya bluu, na tindikali ikipungua, kichaka kile kile hutoa maua ya rangi ya waridi. Hidranjia nyeupe haibadiliki, kwa hiyo hiyo usiitumie kama shahidi.

Tindikali ya udongo hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho huanzia 0 na kuishia 14. Namba 7 ndiyo katikati. Chini yake ni tindikali, na juu yake ni alkali, yaani hali ya magadi na chokaa. Jambo ambalo wakulima wengi wa maua hawajaelezwa ni kwamba kila hatua moja ya kipimo hiki ni mara kumi. Udongo wenye pH 5 una tindikali mara kumi zaidi ya udongo wenye pH 6, na mara mia zaidi ya ule wenye pH 7. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kati ya 5 na 6.5 hakuna tofauti kubwa, usimsikilize.

Milima ya Usambara hupata mvua nyingi, na mvua hiyo, ikinyesha miaka na miaka juu ya udongo mkongwe, huyeyusha kalisi na magnesi na kuzishusha chini mahali ambapo mizizi haifiki. Kinachobaki juu ni udongo mwekundu wenye chuma na alumini kwa wingi. pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, alumini iliyokuwa imekaa kimya ndani ya udongo huanza kuyeyuka katika maji. Hidranjia huifyonza alumini hiyo na kuipandisha hadi kwenye maua, na huko hushikana na rangi ya asili ya ua na kuigeuza kuwa bluu. Mwaridi hauwezi hivyo. Ncha za mizizi yake huumizwa na alumini, mizizi hubaki mifupi na minene, na fosforasi iliyomo kwenye mbolea hunaswa na chuma na alumini kabla mmea haujaifikia. Ndiyo sababu samadi yako haijaonyesha faida: chakula umekitia, ila mmea hauna njia ya kukila.

Mimi mwenyewe niliyaona haya kwa macho kabla sijayasoma popote. Nyumbani kwa marehemu mama yangu kulikuwa na safu ya hidranjia zilizotoka kwenye shina moja; tulichomeka vipandikizi siku moja, mimi na dada yangu, kuanzia ukutani hadi kwenye uzio. Zilipochanua, zile za upande wa uzio zilikuwa za bluu iliyokolea, za katikati zilikuwa na zambarau ya mashaka, na ile moja iliyosimama chini ya ukuta mpya wa saruji ilikuwa ya waridi tupu. Chokaa ya ndani ya saruji ilikuwa ikichuruzika kila mvua iliponyesha, na ilipunguza tindikali katika upana wa kama hatua moja kutoka ukutani. Tangu hapo sipandi mmea wowote upendao tindikali karibu na msingi wa nyumba, hasa nyumba ikiwa mpya na mafundi wakiwa wameacha mabaki ya saruji na plasta ardhini.

Sasa tuje kwenye miwaridi. Miwaridi hupenda pH iliyo kati ya 6 na 6.5, na itakubidi uipe chokaa ya kilimo, lakini tafadhali usinunue hata kilo moja kabla hujapima. Chukua udongo wa sehemu kama kumi za kitalu hicho, kwa kupita mshazari huku na huku, kuanzia juu hadi kina cha sentimita 20. Uchanganye kwenye ndoo safi ya plastiki, utoe mawe na mizizi, uuanike kivulini, kisha uweke kama nusu kilo kwenye mfuko safi. Usichukue mahali palipochomwa taka wala palipowahi kurundikwa samadi, kwa maana hapo utapima jivu na samadi badala ya udongo wako. Kwa mkoa wa Tanga, kituo cha utafiti wa udongo cha TARI Mlingano kinafanya kazi hii, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro nacho kina maabara ya udongo. Majibu yatakuambia pH na pia kiasi cha chokaa kinachohitajika, na kiasi hicho hutofautiana sana, kwa sababu udongo wa mfinyanzi humeza chokaa nyingi kuliko wa kichanga hata kama pH ya mwanzo ni ile ile.

Ushauri wangu wa dhati, hata hivyo, ni kwamba uikusanye miwaridi yote kwenye kitalu kimoja, uutibu udongo wa kitalu hicho peke yake, na sehemu nyingine yote ya uwanja uiache kama Mungu alivyoiumba. Chokaa itakayotosha uwanja mzima ni gharama kubwa, na mvua itaanza kuishusha tena tangu msimu wa kwanza. Wewe unaishi mahali ambapo watu wa nchi nyingine wanatamani kuwa na udongo kama wako. Wao hununua mifuko ya udongo wenye tindikali dukani ili wapande kwenye vyungu yale ambayo kwako yangeota kwa kuchomekwa kijiti.

Ua ambalo ningekupandia la kwanza ni kamelia. Kamelia ni ndugu wa damu wa chai, kwa kuwa mchai wenyewe ni kamelia, na jina lake la kitaalamu ni Camellia sinensis. Chai hustawi vizuri zaidi pH ikiwa kati ya 4.5 na 5.5, kiwango ambacho mimea mingi ya bustani haikiwezi. Kwa hiyo popote ambapo mashamba ya chai yanashamiri, iwe Lushoto, Mufindi, Njombe, Rungwe, Kericho, Nandi au Limuru, ambako chai ya kwanza ya Kenya ilipandwa mwaka 1903, kamelia ya maua ina nafasi nzuri ya kustawi, ili mradi ipate ubaridi na kivuli chepesi cha mchana. Majani yake ni ya kijani iliyokoza yenye kung'aa, na maua yake meupe, mekundu au ya waridi hupangika kwa tabaka kana kwamba yamekunjwa kwa mkono. Ukuaji wake ni wa taratibu, na mtu aliyezoea maua ya miezi mitatu huona kama hauendi mbele. Mwalimu mstaafu, naamini, anajua kungoja.

Azalia ni ya pili. Hii hutaka pH ya 4.5 hadi 6, na ikitulia hufunikwa na maua hata majani yasionekane. Siri yake ni mizizi, ambayo ni myembamba kama nywele na hukaa juu juu. Usiifukie kwa kina: acha sehemu ya juu ya bonge la udongo lililotoka kwenye kiriba ijitokeze kidogo juu ya usawa wa ardhi, kisha ufunike kwa matandazo ya majani makavu yenye unene wa sentimita 5 hadi 8, bila kuyasogeza yakagusa shina. Jembe lisipite kabisa chini yake. Magugu yang'olewe kwa mkono, na kibarua anayekuja kupalilia aambiwe hivyo mapema, kwa sababu nimeona azalia nzuri zikikauka wiki mbili baada ya mtu mwenye bidii kupita na jembe.

Gadenia, yenye ua jeupe na harufu inayojaza baraza wakati wa jioni, hutaka pH ya 5 hadi 6 lakini inapenda joto kuliko hizo mbili, kwa hiyo huwafaa zaidi wale wa miteremko ya chini. Chini ya miti, mahali ambapo jua halifiki sawasawa, bigonia, fuksia na impashensi zitajaza nafasi bila kukusumbua. Tibuchina yenye maua ya zambarau iliyokolea nayo huupenda udongo wa namna hii.

Hapa niseme neno moja kwa ajili ya ua la nyumbani kwenu. Ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, ambalo leo limo kwenye vyungu madirishani duniani kote, lilitoka Tanga na Usambara. Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa ofisa wa Kijerumani huko Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani mwaka 1892, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia kwa heshima ya familia hiyo. Linapenda udongo mwepesi wenye tindikali kidogo, kivuli, na maji yasiyomwagwa juu ya majani yake. Lipande kwenye chungu kwa furaha, lakini pata mche wako kutoka kwa mtu anayeuotesha kwa jani. Usiung'oe msituni, kwa maana baadhi ya jamaa za ua hili zimebaki kwenye vipande vidogo sana vya msitu, na kipande kikiisha zimekwisha.

Kuhusu hidranjia ya rangi ya waridi anayoitaka mke wako: inawezekana, na njia rahisi ni chungu. Chomeka kipandikizi kutoka kwa jirani, na kikishashika mizizi ukihamishie kwenye chungu kikubwa chenye udongo uliochanganywa na mboji, chokaa ya kilimo kidogo na mbolea ya fosfeti ya Minjingu. Mbolea hiyo, inayochimbwa karibu na Ziwa Manyara, ina kalisi na fosforasi kwa pamoja, na tindikali ya udongo wenu ndiyo inayoisaidia kuyeyuka. Kalisi hupandisha pH, na fosforasi huinasa alumini isipande kwenye maua. Rangi haigeuki mara moja. Tarajia maua ya kwanza yawe na mchanganyiko, na ya msimu unaofuata yawe ya waridi. Mwambie pia kwamba ile ya bluu ni zawadi ambayo wengine huigharamia, na kwamba chungu cha waridi kikiwekwa kando ya kichaka cha bluu, vyote viwili hupendeza zaidi.

*Asalaam aleikum, bibi. Niko Makunduchi, Unguja. Nilipanda iksora nyekundu kumbini mwa nyumba, nilizozinunua mjini zikiwa zimejaa maua. Baada ya miezi sita majani machanga yamekuwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Wazee wamenishauri nifukie misumari yenye kutu, nimefanya, wala sijaona mabadiliko. Je, ni ugonjwa?*

Waaleikum salaam, mwanangu. Huo si ugonjwa wa kuambukiza. Ni njaa ya chuma. Umefanya vizuri kuyaangalia majani kwa karibu, kwa sababu ulichokiona kwenye mishipa ndicho kinachotuambia ukweli. Mmea ukikosa naitrojeni huanza kugeuka njano kwenye majani ya zamani ya chini, na jani lote hupauka pamoja na mishipa yake. Mmea ukikosa chuma huanza na majani machanga ya juu, na mishipa hubaki kijani kama ramani iliyochorwa juu ya karatasi ya njano.

Chuma kimo udongoni kwako, tena cha kutosha. Shida ni kwamba Makunduchi mmekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Katika udongo wa namna hiyo pH hupanda juu ya 7, na chuma hugeuka kuwa kitu kisichoyeyuka. Ndiyo maana misumari haikusaidia: kutu ni chuma cha namna ile ile ambayo mizizi imeshashindwa kuichukua, nawe umeongeza tu juu ya kilichokuwepo. Iksora hutaka pH ya 5 hadi 6. Maji ya kisima cha kwenye matumbawe nayo huja na chokaa yake, kwa hiyo kila unapomwagilia unaupandisha udongo kidogo.

Utasoma mahali pengine kwamba tiba ni salfa ya unga, ile ile ambayo wakulima wa Mtwara na Lindi huipulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga. Salfa kweli hushusha pH, kwa kuwa vijidudu vya udongoni huigeuza taratibu kuwa asidi, na kwenye udongo wa kichanga usio na chokaa mtu anaweza kuanza na gramu 50 kwa kila mita ya mraba, akasubiri miezi kadhaa na kupima tena. Lakini kwako kuna matumbawe matupu chini ya kiganja kimoja cha udongo, na asidi yote itakayozalishwa italiwa na mawe kabla ya kuifaidisha iksora. Usipoteze fedha zako.

Fanya hivi. Zihamishie iksora kwenye vyungu au mapipa yaliyotobolewa chini, ukitumia udongo mwekundu usio na vipande vya matumbawe, uliochanganywa na mboji ya majani. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati na kuyahifadhi kwa ajili yao. Kwa majani yaliyokwisha kuwa njano, tafuta kwenye duka la pembejeo mbolea ya chuma ambayo kwenye pakiti imeandikwa EDDHA; ile iliyoandikwa EDTA huachia chuma chake mapema kwenye udongo wenye chokaa, na bei yake ndogo isikudanganye. Majani machanga yatakayotoka baada ya hapo ndiyo utakayoyatazama, kwa maana yale ya zamani huenda yasirudi kijani kabisa.

Na kumbini, mahali palipobaki wazi ardhini, panda bogenvilia, waridi la jangwani na asumini. Bogenvilia na waridi la jangwani haziogopi matumbawe, na asumini akina bibi zetu wameiotesha kwenye nyua za pwani tangu zamani na kuitia kwenye vikuba. Iksora ikae kwenye chungu mlangoni, nayo itakuwa nzuri.

*Hujambo, Mwalimu. Niko Kericho. Mama mkwe wangu, ambaye tunakaa naye, humwaga jivu la jikoni chini ya kamelia na azalia zangu kila asubuhi, akisema ni mbolea. Mimi huweka masalia ya kahawa na majani ya chai yaliyokwisha kutumika, kwa sababu nimesikia yanaongeza tindikali. Nani kati yetu anakosea?*

Sijambo, dada. Mama anasema kweli kwamba jivu la kuni ni mbolea, kwa sababu lina potasiamu na kalisi, ila linafanya kazi kama chokaa, na kwa kamelia na azalia hilo ndilo msilolitaka. Likirundikwa mahali pamoja kila siku litawapelekea majani ya njano kama yale ya msomaji wa Makunduchi, hata mkiwa katikati ya nchi ya chai.

Masalia ya kahawa nayo hayafanyi unachofikiri. Tindikali ya kahawa huondoka pamoja na maji unayokunywa, na kinachobaki kwenye kichujio hukaribia pH 7, kimepungua kidogo tu. Majani ya chai ni matandazo mazuri, hushika unyevu na kuoza vizuri, na kahawa pia unaweza kuitandaza kwa uchache, lakini usiiache ifanye ukoko mnene unaozuia maji. Ukiona mimea inahitaji naitrojeni, tumia mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia, kwa kiasi kidogo, kwa sababu hiyo huongeza tindikali inapofanya kazi; mbolea ya CAN, yenye kalisi, iache kwa mboga.

Kwa habari ya mama mkwe, usimzuie. Mwombe kwa heshima aliweke jivu lake kwenye debe lenye kifuniko, lisilowe, kisha mlinyunyize kwa uchache kwenye kabeji na sukuma wiki, ambazo hupenda udongo usio na tindikali nyingi, na jivu husaidia kupunguza ule ugonjwa wa mizizi kuvimba unaoziandama. Akiona kabeji zake zimefunga vizuri, mwenyewe ataacha kamelia.

*Mwalimu, niko Nairobi. Je, naweza kumwagilia hidranjia yangu siki ili igeuke bluu? Udongo wangu ni mweusi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi.*

Hapana. Siki hushusha pH kwa muda mfupi tu, kwa kuwa vijidudu huila, na ikizidi huunguza mizizi. Udongo mweusi wa Nairobi kwa kawaida hauna tindikali ya kutosha na tena hutuamisha maji, jambo ambalo hidranjia hailipendi. Panda kwenye chungu chenye udongo mwekundu na mboji ya majani, kisha tumia shabu, ile ile ambayo watu huitumia kutakasa maji ya kunywa, kwa maana ndani yake mna alumini. Yeyusha kijiko kimoja cha chakula kwenye lita 4 za maji na umwagilie udongo uliokwisha kuwa na unyevu, mara moja kila baada ya wiki tatu au nne tangu vichipukizi vya maua vinapoanza. Ukizidisha, ncha za majani zitaungua. Iwapo ungependa kuujua udongo wa uwanja wako kwa uhakika, maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, iliyoko Kabete inapima.

*Shikamoo mwalimu. Sisi tuko Mufindi. Tuna azalia zilizotanda sana kando ya njia, na jana tumezipogoa. Kijana wetu anataka kuwapa mbuzi matawi hayo kwa kuwa majani ni mabichi na mengi. Je, yanafaa?*

Marahaba, mwanangu. Hayafai, na nimeiomba ofisi ya jarida ikupelekee jibu hili kabla ya toleo kutoka. Majani ya azalia yana sumu inayogusa moyo na mishipa ya fahamu, na kiasi kidogo tu kinatosha kumlaza mbuzi. Dalili huanza baada ya saa chache: mnyama hutoa mate mengi, husaga meno, hutapika, jambo ambalo kwa mbuzi si la kawaida hata kidogo, kisha huishiwa nguvu na kushindwa kusimama. Ikitokea hivyo mwiteni mtaalamu wa mifugo mara moja, mumweleze ni mmea gani uliliwa, na msimmiminie mnyama kitu chochote mdomoni, kwa sababu akiwa anatapika kinaweza kuingia mapafuni.

Hatari huongezeka baada ya kupogoa kuliko kabla yake. Mbuzi mwenye malisho ya kutosha huonja azalia na kuiacha, lakini anayewekewa lundo bandani, hana kingine, atakula. Ng'ombe na kondoo nao wamo katika hatari hiyo hiyo. Majani ya hidranjia pia msiwape wanyama, wala ya oleanda, ambayo ni mabaya kupita yote haya.

Hakuna haja ya kuzing'oa azalia zenu. Udongo wa Mufindi unazifaa. Wekeni uzio kati yake na njia ya mifugo, na mwakani pogoeni mara tu maua yanapokwisha, kwa sababu vichipukizi vya msimu unaofuata huanza kujifunga mapema na mkichelewa mtavikata pamoja na matawi. Yale mliyoyakata jana yakusanyeni yote, pamoja na majani yaliyoanguka, myafukie kwenye shimo refu lenye kifuniko cha udongo, na mbuzi wasifunguliwe mpaka njia iwe imefagiliwa.